Wafalme 12 kwa miaka 600: kwa nini nasaba hii haisimami

Swali: Naandika riwaya ya kubuni kuhusu ufalme wa kisiwani. Ukoo mmoja umetawala miaka 600, wafalme 12, kila mmoja kifungua mimba wa aliyemtangulia. Damu yao ina uwezo wa kuita mvua. Mfalme wa 12 anafariki katika sura ya kwanza na vita vya kugombea kiti vinaanza. Mhariri aliyepitia mswada ameandika pembeni "nasaba haisimami", hakuongeza neno. Kosa liko wapi, na nasaba ya kifalme hujengwaje?

Jibu: Kosa la kwanza ni la hesabu. Gawa 600 kwa 12 utaona kwamba kila mfalme wako ametawala wastani wa miaka 50. Mtu mmoja kukaa kitini miaka 50 hutokea. Seyyid Said bin Sultan alitawala Muscat na Zanzibar tangu 1806 hadi 1856, na Khalifa bin Harub alikuwa Sultani wa Zanzibar tangu 1911 hadi 1960. Kisichotokea ni watu 12 mfululizo.

Hapa kuna kanuni ndogo ambayo ukiishika hutahitaji nyingine nyingi. Kiti kinapotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuruka, wastani wa miaka ya utawala ni sawa na wastani wa umri wa baba siku mrithi wake alipozaliwa. Jaribu. Baba kapata mrithi akiwa na miaka 25, kafariki na miaka 60: mwana anatawazwa na miaka 35. Naye akifariki na 60, ametawala 25. Sasa wape wote umri wa miaka 80: mwana anatawazwa na 55, anafariki na 80, ametawala 25 zilezile. Umri mrefu haurefushi utawala, unawazeesha tu wanaosubiri.

Kwa hiyo wafalme wako 12 wa miaka 50 kila mmoja wanamaanisha kwamba kila baba alikuwa na miaka 50 alipopata mrithi, na wewe umesema mrithi ni kifungua mimba. Ndoa za kifalme mara nyingi hufungwa mapema, kwa sababu ikulu nzima inangoja mtoto. Mwanamfalme anayefika miaka 50 bila mtoto mmoja ni habari ya kuandikiwa riwaya yake peke yake. Hawezi kuwa kawaida ya ukoo.

Usijaribu kujitetea kwa uchawi, yaani kusema damu ya mvua inawapa umri wa miaka 200. Kanuni ni ileile. Mrithi akizaliwa baba ana miaka 40 na baba akaishi 200, mwana anatawazwa ana miaka 160, na wastani wa utawala unabaki 40. Ukitaka tawala za miaka 100, damu hiyo lazima icheleweshe uzazi. Kuchelewesha kifo peke yake hakusaidii. Na utawala mmoja mrefu mno unadai malipo yake: Louis XIV wa Ufaransa alitawala miaka 72, tangu 1643 hadi 1715, mwanawe akafa 1711, mjukuu wake 1712, kiti kikaenda kwa kitukuu wa miaka 5. Ukimpa mfalme miaka 70, jiulize mara moja ni nani amezikwa akisubiri.

Una njia tatu za kurekebisha. Ya kwanza ni kupunguza miaka: vizazi 12 vya baba na mwana kwa wastani wa miaka 27 vinakupa 324, na 27 ni makadirio salama. Ya pili ni kuacha miaka 600 na kuongeza watu: 600 kwa 27 ni vizazi 22, na kwa kuwa ndugu hurithiana, tarajia watawala 35 hadi 45. Ya tatu ndiyo ningeichagua kwa kitabu chenye vita vya urithi. Acha orodha yako kama ilivyo, lakini iwe uongo.

Mfano uko pwani yetu wenyewe. Tarikhi ya Pate, yaani masimulizi ya historia ya kisiwa hicho cha karibu na Lamu, inaanzisha utawala wa ukoo wa Wanabahani mwaka 600 wa Hijria, yaani kama 1204. Wanahistoria wengi wanaona tarehe hiyo imerudishwa nyuma mno, kwa karne kadhaa. Orodha za wafalme huvutwa kwa njia zinazojulikana: ndugu waliopokezana kiti huandikwa kama baba na mwana, mtu mmoja mwenye majina mawili huhesabiwa mara mbili, na watawala wa matawi mawili waliotawala wakati mmoja hupangwa kwenye mstari mmoja. Orodha pia hufupishwa. Mnyang'anyi aliyetawala miaka 9 hufutwa, miaka yake akapewa aliyemtoa. Kilwa nayo ina tarikhi yenye matoleo mawili, moja la Kiarabu na jingine la Kireno katika maandishi ya João de Barros yaliyochapishwa 1552, na hayakubaliani kila mahali.

Basi ukiwa na wafalme 12 rasmi na watawala 38 wa kweli, umeshapata chanzo cha vita. Atatokea mtu mwenye jiwe la kaburi au sarafu yenye jina ambalo orodha hailijui, aseme, "Huyu ni babu yangu, na alitawala." Wasomaji wako wataamini, mradi wewe mwandishi uwe na orodha ya kweli mezani.

Sasa sheria ya kurithi. Iandike kwa sentensi moja, kisha iulize maswali matatu: mfalme akifa bila mtoto, nani anafuata? Mrithi akiwa mchanga, nani anashika hatamu? Wawili wakidai, nani ana neno la mwisho, na ana askari wangapi? Sheria isiyojibu moja kati ya hayo imeacha tundu. Tundu si baya katika riwaya, lakini ulione wewe kabla ya wahusika wako.

Sheria ya kifungua mimba ndiyo wengi wanaoiiga kutoka hadithi za Ulaya, nayo kwa vita vyako ni dhaifu, maana haki ya mmoja iko wazi na wengine wote ni waasi tu. Buganda walikuwa na utaratibu ulio kinyume kabisa: mwana mkubwa wa kiume wa kabaka, yaani mfalme, mwenye cheo cha Kiweewa, hakutarajiwa kurithi. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia ndugu zake. Mwaka 1888 kabaka Mwanga alipong'olewa, Kiweewa akakalishwa kitini hivyohivyo, na hakumaliza miezi mitatu. Ukiweka sheria kama hiyo katika kitabu, siku inapovunjwa msomaji anahisi kitu kimepasuka bila wewe kueleza.

Sheria ya ndugu kwa ndugu ndiyo tajiri zaidi. Seyyid Said alipofariki 1856, wanawe wanne walipokezana Zanzibar: Majid hadi 1870, Barghash hadi 1888, Khalifa hadi 1890, Ali hadi 1893. Majid alizaliwa 1834 na Ali 1854, miaka 20 kati yao, kwa hiyo kizazi kimoja kilikaa kitini miaka 37. Ukijumlisha na baba, vizazi viwili tu vinatoka 1806 hadi 1893. Hivyo ndivyo unavyopata muda mrefu kwa vizazi vichache bila kudanganya. Ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, waliopishana umri sana.

Lakini tazama kinachotokea ndugu wanapokwisha. Baada ya Ali, kiti ni cha mwana wa ndugu yupi? Khalid alikuwa mwana wa Barghash aliyetawala Zanzibar. Hamad alikuwa mwana wa Thuwaini, ndugu yao aliyetawala Muscat na hakutawala Zanzibar hata siku moja. Khalid alijaribu 1893, Waingereza wakampa Hamad. Hamad alipofariki Agosti 1896 Khalid aliingia ikulu tena, akakaa siku mbili, manowari za Kiingereza zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Kiti kikaenda kwa Hamoud bin Mohammed, mjukuu mwingine wa Said. Vita vya urithi huzaliwa hapo, kwenye ukingo kati ya kizazi cha ndugu na kizazi cha binamu. Mfalme wako wa 12 mfanye ndugu wa mwisho, na mswada wako utakuwa umepona nusu.

Wastani nao unaanguka. Kuanzia Oktoba 1856 hadi Januari 1964 Zanzibar ilikuwa na masultani 10 bila kumhesabu Khalid: miaka 107, wastani chini ya 11. Mwondoe Khalifa bin Harub na miaka yake 49, waliobaki tisa wanagawana miaka 58, kama sita na nusu kila mmoja. Nasaba ya kweli haiendi sawasawa. Ina mmoja au wawili waliokaa nusu karne, na kundi la waliopita kama upepo. Orodha ambayo kila mfalme ana miaka kati ya 20 na 30 inanuka wino.

Kuna kosa jingine ambalo sijui kama umelifanya, lakini ni la kawaida mno: mhusika mkuu ni "mwana haramu" wa mfalme, anadharauliwa kwa kuwa mama yake hakuwa malkia. Hilo linasimama kwenye jamii ambayo ndoa ni ya mke mmoja na urithi unafuata ndoa hiyo. Katika jamii yenye masuria halisimami. Watoto wote wa Seyyid Said walizaliwa na masuria. Mke wake wa cheo, Azza bint Seif, hakumzalia. Mtoto wa suria ambaye baba yake amemkubali ni huru na ni mrithi kama wengine. Kinachotofautisha wana wa masuria ni mambo mengine: mama katoka wapi, ana watu gani nyuma yake, na mwana alikuwa wapi baba alipofariki. Amua ikulu yako ina utaratibu upi wa ndoa, kisha uufuate mpaka mwisho.

Hilo linatuleta kwa kina mama, ambao katika orodha uliyonielezea hawapo kabisa. Kila mfalme ana mama, na mama ana ukoo unaosubiri kula matunda. Buganda watoto wa kabaka walifuata ukoo wa mama zao, kwa hiyo kiti hakikufungiwa kwenye ukoo mmoja na koo zote zilikuwa na sababu ya kupeleka binti ikulu. Rwanda mama mfalme alitawala pamoja na mwanawe, na hapo kosa moja dogo la utaratibu liliwahi kuangusha mfalme. Kigeli IV Rwabugiri alimsimika mwanawe Rutarindwa awe mtawala mwenza. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekufa, na nafasi ya mama mfalme ilihitaji mtu. Rwabugiri akamteua Kanjogera, mke wake mwingine, wa ukoo wa Bega, ambaye alikuwa na mwana wake wa kumzaa. Rwabugiri alifariki 1895. Mwaka uliofuata huko Rucunshu, Kanjogera na kaka yake Kabare walimwangusha Rutarindwa, na mwana wa Kanjogera akatawazwa kwa jina la Yuhi V Musinga. Ona kwamba hakuna uchawi wala sumu iliyohitajika, uteuzi tu wa mama asiye mzazi.

Wala usiwasahau dada. Barghash alipomwasi Majid 1859, aliyemwandikia barua za njama ni dada yao Salme, aliyekuwa bado msichana. Mwanamke asiyeweza kurithi kiti bado anaweza kusoma na kuandika, ana nyumba, na ana watumwa wanaobeba ujumbe.

Damu ya mvua ni tatizo la hesabu ya kuzidisha. Tuseme kila mzawa wa mfalme wa kwanza anapata watoto watatu wanaokua na kuzaa. Kizazi cha 12 kina watu 3 mara 3 mara 3, hivyo hivyo mpaka tatu zifike 11: jumla 177,147. Hata ukiweka wawili tu, ni 2,048 bila kuhesabu wazazi wao walio hai. Kisiwa kizima kinaita mvua, na mfalme hana la kujivunia. Lazima kuwe na chujio. Unaweza kuipitisha kwa mama tu, lakini hapo wana wa kiume hawataipeleka mbele, na sheria yako ya kurithi itabidi ifuate tumbo. Unaweza kuifanya idhoofike baada ya vizazi vinne. Burundi kuna kielelezo: majina manne ya kifalme, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, yalipokezana kwa zamu, na wazao wa kila mfalme waliitwa kwa jina lake, Batare, Bezi, Bataga, Bambutsa. Jina lilipozunguka na kurudi, wazao wa mwenye jina wa zamani walishuka kutoka kwenye cheo cha kiganwa, yaani cheo cha wana wa kifalme. Nguvu ya damu yako ikishuka kwa mzunguko huohuo, kila baada ya karne moja hivi kuna kundi la watu wenye fahari kubwa ambao mvua imeacha kuwasikia. Hao ndio wapiganaji wako.

Njia ya tatu, na hii inafaa zaidi kisiwani, ni damu kutotosha bila chombo. Pwani ya kaskazini ilikuwa na siwa, pembe kubwa ya kupuliza: ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Unguja Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa, alikuwa na ngoma na siwa zake huku Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, wakitawala mji. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed aliyejenga jumba la Dunga alifariki 1865, mwanawe Ahmed 1873, na cheo kikaishia hapo. Chombo kinaweza kuibwa, kufichwa, kupasuka. Damu haiibiwi. Kwa mwandishi wa vita, hilo si jambo dogo.

Kuhusu majina nitasema kwa ufupi. Wajukuu hupewa majina ya babu, kwa hiyo majina yatajirudia, na lazima yajirudie ili nasaba ionekane ya kweli. Usiwatofautishe kwa namba peke yake. Watu wa Pate walimwita mmoja Bwana Tamu Mkuu na mwingine Bwana Tamu Mtoto, msikilizaji hakupotea. Ukitumia mfumo wa zamu kama wa Rwanda au Burundi, lipe kila jina kazi: Rwanda wa jina la Kigeli na Mibambwe walitarajiwa kuwa wapiganaji, wa jina la Yuhi hakutakiwa kuvuka mto Nyabarongo. Jina linakuwa sharti, na mfalme anayetamani vita huku ameitwa jina la amani amekwishaingia matatani siku ya kutawazwa.

Jedwali lenyewe lichore kwa safu nane: jina na laqabu, mwaka wa kuzaliwa, mama na ukoo wa mama, mwaka wa kutawazwa, umri siku hiyo, mwaka wa kufa, sababu ya kufa au kuuzuliwa, na ndugu wa kiume walio hai siku hiyo. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye hadithi. Ukimaliza, kagua: hakuna mama aliyezaa chini ya miaka 15 au baada ya 45, hakuna baba aliyepata mtoto zaidi ya miezi tisa baada ya kuzikwa, kila aliyetawazwa chini ya miaka 15 ana mlezi wa kiti mwenye jina. Katika dunia isiyo na chanjo karibu nusu ya watoto hawafiki utu uzima, hivyo mfalme mwenye wana wanne wakubwa awe na watoto wanane au zaidi waliozaliwa. Amua pia mwaka wenu ni wa mwezi au wa jua: miaka 600 ya mwezi mwandamo ni kama 582 ya jua. Na mwaka ambao mfalme mmoja kafa na mwingine kaingia usiuhesabu mara mbili. Kwa wafalme 12 kosa hilo linakuongezea miaka 11 ya bure.

Hiki hapa kipande unachoweza kukichomeka. Mfalme anazaliwa mwaka 210, anatawazwa 236, anafariki 271. Mwanawe wa kwanza, wa 233, alikufa kwa ndui mwaka 250. Wa pili, wa 241, anatawazwa 271 na kuuawa 279. Wa tatu, wa 246, anashika 279 hadi 298. Wa nne, wa 259, ndiye mdogo wao wa mwisho na anatawala 298 hadi 304. Watawala wanne, vizazi viwili, miaka 68. Siku ya mazishi ya 304 yuko mwana wa yule wa pili, ana miaka 38, mkubwa kuliko wote, lakini kalelewa ng'ambo tangu baba yake auawe. Yuko mwana wa yule wa tatu, miaka 23, wajomba zake ndio makapteni wa walinzi. Na yuko mwana wa aliyefariki, miaka 14, ambaye amelala chumba kimoja na siwa, na mama yake ana funguo. Hakuna mwongo hata mmoja kati yao, kila mmoja ana sentensi ya sheria inayomtetea.

Katika kitabu chenyewe usimwage orodha. Watawala 38 wabaki kwenye jedwali lako. Sura ya kwanza itaje wafu watatu: aliyeanzisha, aliyefutwa, na huyo anayezikwa. Wengine waje kupitia kaburi la mnara linalotumiwa na mabaharia kama alama, kupitia sarafu ya zamani ambayo wachuuzi wanaikataa, kupitia beti za utenzi ambazo watoto wanazikariri vibaya. Mti wa ukoo ukiuchapisha mwanzoni, uwe ule rasmi wa watu 12. Ule wa kweli uweke mwishoni mwa kitabu, au usiuweke kabisa.